Ufa Usioonekana: Mwongozo wa Uthibiti Ubora kwa Karakana za Mabehewa ya Tangi

Tarehe 27 Agosti 2016, kwenye kiwanda cha kemikali karibu na New Martinsville, jimbo la West Virginia nchini Marekani, behewa la tangi lilijazwa klorini iliyogandamizwa ikawa kimiminika: pauni 178,400, takriban tani 81. Halikugongwa na kitu wala halikuacha reli. Lilikuwa limesimama palepale kiwandani, limeshajazwa, lilipopasuka ufa wa inchi 42, zaidi ya mita moja, na kwa muda wa saa mbili na nusu hivi mzigo wote ukatoka ukawa wingu la gesi. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilipochunguza ilikuta kwamba ufa ulikuwapo tangu kabla, karibu na ncha ya bamba linaloshikisha tangi kwenye kiunzi kifupi cha chini. Klorini ya baridi ilipoingia, chuma kikaanza kubadilika joto, mkazo ukahama, na ufa ule ukapata njia ya kukimbia. Bodi ilitaja na mambo yaliyochangia: muda mrefu mno kati ya ukaguzi mmoja wa eneo hilo na mwingine, chuma cha tangi chenye uwezo mdogo wa kuzuia ufa, na mkazo uliobaki baada ya karakana kutengeneza sehemu zilizoliwa na kutu na kuzipasha moto bila udhibiti.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalokuhusu wewe unayesimamia karakana. Kutu ilishughulikiwa, na ndani ya chuma kikabaki kitu ambacho jicho halikioni. Methali ya ufa na ukuta inamfaa mwenye nyumba kwa sababu ufa wa ukuta huonekana. Wa behewa la tangi hujificha chini ya rangi, nyuma ya bamba, ndani ya mshono, na mara nyingine husaidiwa kukua na mkono uleule uliokuja kutengeneza. Kwa hiyo hoja ya mwongozo huu ni moja: uthibiti ubora katika karakana ya namna hii si kazi ya kuonyesha kwamba mmefanya vizuri. Ni kazi ya kujua, kwa maandishi na kwa vipimo, ni kitu gani karakana yenu haiwezi kukiona, kisha kupanga shughuli zote kwa kuzingatia upungufu huo. Karakana isiyojua mpaka wa macho yake haina ubora, hata mafundi wake wakiwa hodari na mishono yao ikiwa imenyooka kama uzi.

Kanuni iliyolieleza jambo hili kwa kina ni ya Marekani, kifungu cha 179.7 cha sehemu ya 49 ya kanuni za serikali kuu. Kilitokana na mageuzi yaliyotangazwa mwaka 1995, na tangu tarehe 1 Julai 1998 hakuna karakana inayoruhusiwa kuunda, kutengeneza, kukagua, kupima wala kutunza matangi hayo bila mpango wa uthibiti ubora ulioidhinishwa na jumuiya ya kampuni za reli za Amerika, AAR. Mpango huo lazima uhakikishe kazi iliyokamilika inalingana na masharti, uwe na njia ya kugundua kasoro, na uzuie kasoro isijirudie. Chini ya malengo hayo kuna vipengele 12, vinavyoanzia mamlaka ya wasimamizi hadi utunzaji wa kumbukumbu. Neno "karakana" lenyewe lina upana wa kukushangaza katika kanuni hizo: hata anayetoa tu kauli kwamba behewa limetimiza masharti huhesabiwa humo, na hubeba dhima. Ukiwa Morogoro, Mbeya au Nairobi vipengele hivyo havikufungi kisheria. Lakini chuma hakijui kiko nchi gani, na tangi la dizeli linalopanda kutoka pwani kwenda bara hupata mtikisiko, kutu na uchovu uleule. Visome kama ramani iliyochorwa na watu waliokwisha kuumia.

Ili uelewe kwa nini viliandikwa hivyo, anza na jaribio la maji. Kwa miongo mingi tangi lilijazwa maji, likaongezwa shinikizo, likatazamwa kama linavuja. Ni jaribio linaloridhisha moyo: geji inasimama, hakuna tone, kila mtu anaondoka na amani. Tatizo ni kwamba linajibu swali moja tu, kama tangi limehimili shinikizo hili leo. Halikuambii kwamba ndani ya mshono kuna ufa uliokwisha kula nusu ya unene wa chuma na utamaliza safari yake baada ya miezi kadhaa ya kuvutwa na kusukumwa. Mabehewa mengi ya tangi ya Marekani hayana boriti ya katikati inayokwenda kutoka mwisho hadi mwisho. Yana viunzi vifupi viwili, kimoja kila upande, na nguvu yote ya treni hupita kwenye ngozi ya tangi lenyewe. Maji yaliyosimama hayawezi kuiga mvuto huo. Ndiyo maana mageuzi ya 1995 yaliliweka kando jaribio la maji kama ushahidi mkuu na kuweka mahali pake vipimo visivyoharibu chuma: rangi ya kupenya, unga wa sumaku, mawimbi ya sauti, eksirei, usikilizaji wa mlio wa chuma, na jicho lenyewe kwa utaratibu maalumu. Kanuni zikataja hadi mahali pa kutazama. Mishono ya pembe inayokwenda kwa upana wa tangi, yenye ukubwa unaozidi sentimita 0.64, iliyo ndani ya sentimita 121.92 kutoka mstari wa katikati chini ya tangi, lazima ipimwe. Kwa tangi lisilo na utando wa ndani na lisilobeba kitu kinachokula chuma, muda kati ya upimaji mmoja na mwingine usizidi miaka 10.

Sasa tazama kipengele cha kumi kati ya vile 12, kwa sababu kwa maoni yangu ndicho moyo wa kifungu chote. Kinaitaka karakana iwe na utaratibu wa kutathmini njia yake ya upimaji: kama eneo linafikika, kama njia ina wepesi wa kuhisi na inategemewa, na ufa mfupi kabisa unaoweza kugunduliwa kwa njia hiyo una urefu gani. Hakikuulizi kama umepima. Kinakuuliza, ulipopima, ni kitu gani kingeweza kukupita. Karakana nyingi hujibu kwa kunakili namba kutoka kwenye karatasi ya mtengenezaji wa kifaa. Namba hiyo ilipatikana mezani, kwenye kipande kilichong'arishwa, na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Chukua mshono mmoja wa pembe chini ya tangi, na upimaji wa rangi ya kupenya, ulio rahisi kuliko mingine. Fundi anasafisha chuma, anapaka rangi nyekundu, anaiacha iingie, anafuta iliyobaki juu, anapuliza unga mweupe, kisha anasubiri rangi iliyojificha ichomoze kama mstari mwekundu. Kila hatua ina mlango wa kosa. Akisafisha kwa brashi ya umeme au kwa kupiga mchanga kwa nguvu, chuma cha juu hutandazika na kuziba mdomo wa ufa, na rangi haiingii kamwe. Mafuta yaliyobaki ndani ya ufa hufanya vivyo hivyo. Akipuliza kiyeyusho moja kwa moja juu ya mshono badala ya kukitia kwenye kitambaa, huisomba hata rangi iliyo ndani ya ufa. Taratibu za kawaida huweka joto la chuma kati ya nyuzi 5 na 52 za Selsiasi, na behewa lililoanikwa juani mchana wa Januari linaweza kuvuka kiwango hicho, rangi ikakauka kabla haijapenya. Ongeza kwamba fundi amelala chali, taa iko kwenye paji la uso, na ni saa ya mwisho ya zamu. Mshono ukionekana mweupe kabisa, hujui bado kama ni mzima au kama ufa umenyamazishwa. Kwa hiyo maelekezo yako ya maandishi yasiishie kwenye "pima kwa rangi ya kupenya". Yaseme chuma kisafishwe kwa nini na kwa nini kisisafishwe, joto lipimwe wapi na liandikwe, rangi ikae dakika ngapi, matokeo yasomwe baada ya muda gani, chini ya mwanga wa kiasi gani, na mkao upi ukimshinda fundi behewa linyanyuliwe.

Kisha wapime wapimaji. Katika kituo cha majaribio ya reli karibu na Pueblo, Colorado, watafiti walitumia vipande vya matangi vyenye nyufa kuwajaribu wakaguzi na njia zao, ili wapate uwezekano wa kugundua ufa kwa kila urefu. Uwezekano huo hupanda ufa unapokuwa mrefu, lakini haupandi sawasawa kwa kila mtu na kila njia. Hili unaweza kulifanya hata kwenye karakana ndogo. Mabehewa yanayokatwa kuwa chuma chakavu ni hazina: kata mishono yenye nyufa, thibitisha urefu wake kwa njia nyingine, ichanganye na mizima, iweke katika mkao ule ule wa kazi, na umpe kila mkaguzi bila kumwambia ipi ni ipi. Andika alichokiona na alichokikosa. Baada ya raundi kadhaa utapata namba ya karakana yako mwenyewe. Tuseme ni milimita 20. Basi kuanzia siku hiyo neno "hakuna ufa" katika ripoti zenu lina maana ya "hakuna ufa unaozidi milimita 20 tunaoweza kuuona", na mwenye behewa anapaswa kupanga muda wa ukaguzi unaofuata akijua kwamba huenda ufa wa milimita 19 umeondoka nalo.

Wapo watakaosema zoezi hili linawadhalilisha mafundi, na kwamba mtu mwenye miaka 20 kazini hastahili kutegewa mtihani. Pingamizi hilo lina heshima ndani yake na lijibiwe kwa heshima. Jaribio halipimi utu wa fundi. Linapima mfumo mzima uliomzunguka: taa, kemikali, nafasi, muda aliopewa. Fundi hodari akikosa ufa kwenye jaribio, swali la kwanza liwe mlimwekaje, na majibu yake yakitumiwa kumkata mshahara au kumshusha cheo, zoezi litakufa na halitafufuka. Nafasi ya uzoefu ni kubwa, kwani ndio unaomwambia mtu kwamba behewa hili la mwaka fulani hupasuka pembe ya kushoto kabla ya ya kulia. Ila ujuzi huo ukibaki kichwani mwake utastaafu pamoja naye. Uandikwe kwenye maelekezo, na jina lake liwekwe chini.

Unene wa chuma una mtego wake, na nauandika kwa sababu hunasa watu makini. Kifaa cha mawimbi ya sauti hufanya kazi kama altrasaundi ya hospitali: hutuma sauti, husikiliza mwangwi, hugeuza muda kuwa milimita. Kikiwa kimewekwa kwa kasi ya sauti ndani ya chuma, karibu mita 5,900 kwa sekunde, hakina habari kwamba juu ya chuma kuna rangi. Sauti ndani ya rangi hutembea kwa chini ya nusu ya kasi hiyo, hivyo milimita moja ya rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka husomeka kama zaidi ya milimita mbili za chuma. Tangi lililokwisha kuliwa kupita kiasi linaweza kutoka na ripoti safi. Vifaa vya kisasa vina namna ya kusoma mwangwi hadi mwangwi inayoikwepa rangi, lakini lazima iwashwe, na lazima ripoti iseme iliwashwa. Kabla ya zamu na baada yake kifaa kihakikiwe kwenye kipande cha ngazi chenye unene unaojulikana, na vipimo vyote viwili viandikwe. Ukikuta jioni kimepotoka, vipimo vyote vya siku hiyo vinarudiwa. Hapo ndipo utajua kama mpango wako ni wa kweli, kwa sababu siku hiyo mabehewa matatu huenda tayari yameshaondoka uani, na mtu lazima apige simu kuyarudisha.

Kuhusu kuchomelea, pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba mshono mzuri hujieleza. Ajali ya New Martinsville inajibu hoja hiyo. Unapochomelea bamba nene, chuma kilichoyeyuka hupoa na kutaka kunywea, lakini chuma baridi kinachokizunguka hakikiruhusu, hivyo mvutano unafungwa ndani. Kuupunguza, sehemu ile hupashwa moto polepole hadi karibu nyuzi 600, ikashikiliwa hapo kwa muda unaolingana na unene, ikapozwa taratibu. Tangi zima likiingia tanuri hakuna shida kubwa. Ukipasha sehemu moja tu, mpaka kati ya chuma cha moto na cha baridi huwa mkali, na mpaka huo huweza kuzaa mkazo mpya mahali ambapo haukuwapo. Kwa nje huoni tofauti yoyote: rangi ile ile, umbo lile lile. Ushahidi pekee ni chati ya joto iliyotoka kwenye waya za themokapo, na chati hiyo ina thamani pale tu waya zilipowekwa pande zote za mshono, ndani ya eneo la moto na nje yake, na mchoro ukaonyesha kila waya ulikaa wapi. Asiyekuwa na chati hajapasha, hata kama bili ya gesi ni kubwa. Weka sharti hilo kwenye maelekezo na usiruhusu msimamizi yeyote kulilegeza kwa mdomo.

Hapa huja pingamizi zito zaidi: karatasi ni karatasi, na muhuri hauzuii ajali. Usiku wa tarehe 29 Juni 2009, huko Viareggio nchini Italia, treni ya mabehewa 14 ya gesi ya kupikia iliacha reli baada ya ekseli ya behewa la kwanza kukatika. Tangi moja likatoboka, gesi ikaingia mitaani kando ya stesheni, ikawaka. Watu 32 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Ekseli ilikatika kwa uchovu wa chuma, kwa ufa ulioanzia kwenye kutu, na seti hiyo ya magurudumu ilikuwa imetoka kwenye matengenezo ya karakana miezi michache tu kabla. Anayesema karatasi hazikuwaokoa watu wale anasema kweli. Lakini kasoro ya karatasi za namna hiyo ni kwamba hueleza kilichofanyika na hazielezi kilichoweza kupita. Zinakuwa ushahidi wa utii, si wa ujuzi. Jibu la Ulaya halikuishia kwenye ekseli. Kanuni namba 445 ya mwaka 2011 ilitaka chombo kinachowajibika na matengenezo ya behewa la mizigo kiwe na cheti, na ikagawa wajibu huo katika kazi nne: uongozi wa jumla, utungaji wa maelekezo ya matengenezo, uamuzi wa lini behewa litoke kazini na lirudi, na utekelezaji wenyewe karakanani. Karakana ikakaa mahali pake kwenye mnyororo, na kila pete ikajulikana ni ya nani.

Hilo linanifikisha kwa mwenye behewa, maana karakana hupenda kusema "sisi tulifanya alichoagiza". Kanuni za Marekani hazikubali kimbilio hilo, wala hazimwachi mwenye behewa. Kabla ya tengenezo au ubadilishaji karakana lazima ipate ruhusa yake. Lazima itumie maelekezo yake ya maandishi, au iwe na idhini yake ya maandishi kutumia mengine. Na lazima imripotie kazi yote iliyofanyika pamoja na uharibifu wowote iliouona, hata ambao haukuagizwa kutengenezwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye faida zaidi kwako. Behewa limeletwa kubadilishwa vali, fundi akaona kutu chini ya bamba: wajibu wake hauishii kwenye vali. Tengeneza fomu fupi ya mambo yaliyoonekana nje ya agizo, yenye picha na kipimo, itumwe kabla behewa halijaondoka, na mwenyewe aijibu kwa maandishi. Akijibu "liache lilivyo", angalau uamuzi una jina na tarehe.

Vifaa vinavyoingia nitavipitia haraka kwa sababu kanuni yake ni fupi: sahani ya chuma isiyokuwa na namba iliyogongwa kiwandani na cheti kinachoendana nayo haikatwi, na ikikatwa namba inahamishiwa kwenye kila kipande kabla ya moto kuwashwa. Vivyo hivyo elektrodi zilizonyonya unyevu hazitumiki. Pwani kwetu, ambako hewa ni nzito, elektrodi zinazohitaji ukavu zitunzwe kwenye tanuri dogo lenye moto wake, zitolewe kwa idadi ya kazi ya saa chache, zilizobaki zirudishwe na kuandikwa.

Lililo gumu zaidi ni mamlaka. Kipengele cha kwanza cha kifungu cha 179.7 kinataka tamko la mamlaka na wajibu wa wanaosimamia ubora, na cha pili chati inayoonyesha uhusiano kati ya mameneja, wahandisi, ununuzi, ujenzi, ukaguzi na upimaji. Watu wengi huichora chati hiyo kwa ajili ya ukuta. Itumie kujibu swali moja: saa kumi jioni ya Ijumaa, mteja yuko getini, injini imeshakuja kuvuta, na mkaguzi anasema behewa halitoki. Nani ana uwezo wa kumpinga? Jibu sahihi ni kwamba hakuna mtu wa uzalishaji mwenye uwezo huo, na mkaguzi haripoti kwa anayelipwa kwa idadi ya mabehewa. Ajali ya treni ya Lac-Mégantic nchini Kanada, tarehe 6 Julai 2013, iliua watu 47 na ilikuwa na sababu nyingi, zikiwamo breki za mkono ambazo hazikutosha. Lakini mnyororo wake unaanzia kwenye tengenezo. Oktoba 2012 injini ya kichwa cha treni hiyo iliharibika. Kwa sababu tengenezo la kawaida lilikuwa la gharama na la muda, na kulikuwa na shinikizo la kuirudisha kazini, ikatengenezwa kwa gundi ngumu ya aina ya epoksi isiyokuwa na nguvu inayohitajika. Gundi ile ikashindwa kazini, mafuta yakakusanyika, moto ukawaka usiku ule, injini ikazimwa, na hewa iliyokuwa ikishikilia breki ikaanza kupungua hadi breki zikashindwa kuishikilia treni. Si lazima aliyechagua epoksi awe alikuwa na nia mbaya. Huenda alikosa tu mtu mwenye mamlaka ya kumwambia hapana.

Utaniambia karakana yako ina watu 15 na haiwezi kumlipa msimamizi wa ubora asiyeshika spana. Kwa ukubwa huo inatosha mtu mmoja mwenye majukumu mawili, mradi asikague kazi aliyoifanya mwenyewe na awe na haki ya kumpigia mwenye karakana moja kwa moja. Gharama kubwa ya mpango huu ni muda kuliko fedha: saa za kusafisha vizuri, saa za kungoja rangi ipenye, saa za kurudia. Saa hizo ziingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Ukizificha, zitaibwa siku ya kwanza ya msongamano, na mteja anayezikataa anakueleza mapema ni mteja wa aina gani.

Kasoro zikipatikana, usizimalize kwa neno "imerekebishwa". Kanuni inataka zisijirudie, na hilo linahitaji maswali matatu yaandikwe chini ya kila kasoro: ilitokeaje, kwa nini haikuonekana hatua iliyotangulia, na ni mabehewa gani mengine yaliyopitia mkono na njia hiyohiyo. Swali la pili ndilo watu hulikwepa. Mvujo mwingi unaotokea bila ajali yoyote hautoki kwenye nyufa kubwa. Hutoka kwenye vitu vidogo vya juu ya tangi: mfuniko wa shimo la kuingilia, bolti zisizokazwa sawasawa, gasketi iliyotumika mara ya pili, vali isiyofungwa mpaka mwisho. Ukikuta bolti moja imelegea kwenye mfuniko, kaza zote kwa mpangilio wa kuvuka msalaba kwa spana ya kipimo iliyohakikiwa, lakini usiishie hapo. Tafuta kwa nini jaribio la uvujaji halikuiona. Huenda lilifanywa kabla mfuniko haujafunguliwa tena kwa ajili ya mkaguzi wa ndani. Basi kosa ni la mpangilio wa kazi, na litarudi kesho kwa fundi mwingine.

Kwa anayeanza leo, nashauri usiandike kitabu cha ubora kwanza. Chagua behewa moja lililoko kwenye reli ya karakana sasa hivi. Chora tangi lake kwa mkono likiwa limefunguliwa kama ngozi, weka alama kila mshono wa chini, na kando ya kila alama andika njia iliyotumika kuupima, nani alipima, ufa mfupi kabisa ambao angeweza kuuona, na sehemu ambazo hazikufikika. Hizi za mwisho zizungushie wino mwekundu. Mchoro huo utakuonyesha vizuri zaidi maelekezo yapi yanakosekana kuliko mkutano wowote, na kitabu kitajiandika kutokana nao, behewa baada ya behewa.

Faili lake lipangwe kwa namba ya behewa na namba ya tangi iliyogongwa na muundaji, kwa sababu behewa hubadilisha wamiliki na wakati mwingine hubadilisha namba ya ubavuni. Ndani yake kuwe na mchoro, chati ya joto, vyeti vya sahani, usomaji wa kifaa wa asubuhi na jioni, picha ya kila mahali palipochomelewa ikiwa na rula kando yake, fomu ya yaliyoonekana nje ya agizo pamoja na jibu la mwenye behewa, na ukurasa mmoja wenye kichwa "Hatukuweza kuona", uliosainiwa na mkaguzi. Nakala iende kwa mwenye behewa. Ukurasa huo ukikosekana, mpaka rangi asichovye brashi kuandika tarehe mpya ubavuni.